Bondia Aliyengoja Jua

Kocha wangu aliwaambia watu kwamba ni mtindo. Mtu akimuuliza kwa nini bondia wake anasimama ulingoni mikono ikining'inia, anapigwa na hapigi, kocha alikuna kidevu na kujibu kwa sauti ya mtu anayejua siri, "Huyo ana style yake. Nyinyi ngojeni tu." Watu wakangoja. Mimi niliyasikia hayo nikiwa kwenye kona yangu, nikainamia viatu vyangu kwa aibu, maana haukuwa mtindo wowote. Ilikuwa Sabato.

Nilizaliwa Kisegi, upande wa Suba Kusini, katika boma la Wasabato ambalo mwenye neno la mwisho alikuwa mama yangu. Ijumaa jioni chakula cha kesho kilikuwa tayari kimepikwa, viatu vimepakwa rangi, maji yamejaa mitungi. Mama alikwenda kusimama nyuma ya jikoni akalitazama ziwa. Jua likiingia lote majini, pasibaki hata ukucha wake, ndipo alipoanza wimbo, na sisi tukajua Sabato imefunguliwa. Kesho yake jioni alisimama palepale kuifunga. Kanisani waligawa kadi iliyochapishwa saa za machweo za mwaka mzima. Mama aliipokea kwa adabu na kuichomeka ukutani, lakini hakuifuata. Alisema karatasi haina macho. Jumamosi jioni sisi watoto tulisimama uwanjani, mpira umekanyagwa, hakuna anayethubutu kuusukuma mpaka tumsikie anaimba. Nadhani nilianza kusimama ule msimamo wangu wa ulingoni tangu siku hizo.

Nilipoondoka kwenda Masara, upande wa Migori, kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu, mama hakunisomea orodha ya maonyo. Aliniambia neno moja tu. "Siku ya Bwana usinyooshe mkono kwa kazi. Hayo mengine nitakuombea." Nikaapa. Hakuna aliyenilazimisha kuapa, niliapa mwenyewe kwa kiherehere changu.

Masara nilipata kibarua kwenye krasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu, na mwajiri wangu hakuwa na tatizo na Jumamosi yangu. Tatizo lililetwa na ndondi. Kocha alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na alikuwa amejitengenezea ulingo wa mabomba ya chuma na kamba kando ya uwanja wa mashine. Mapambano yalikuwa Jumamosi jioni. Siku nyingine watu walikuwa chini ya ardhi, Jumapili wengi walikuwa makanisani mwao, na sisi Wasabato wachache hakuna aliyetuuliza.

Ningeweza kukataa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu watu wanaonionea huruma huliruka. Hakuna aliyenishika mkono kunipeleka ulingoni. Nilivaa glavu mara ya kwanza siku ya kazi, baada ya kutoka krasha, nikapiga begi la kocha lililojaa matambara, na mwili wangu ukafurahi kuliko ulivyowahi kufurahia kitu chochote. Nikataka ndondi, na nikataka kubaki mtoto wa mama. Nilitaka vyote viwili, na nikajihubiria mahubiri yangu mwenyewe: kupigwa si kazi. Kukwepa pia si kazi, hata siku ya Sabato mtu akikutupia jiwe utainama. Kazi ni kupiga. Basi Jumamosi, kabla jua halijazama, nitapanda ulingoni lakini sitapiga.

Ndiyo sababu nilijifunza kukwepa kuliko bondia yeyote wa Migori. Nilikuwa nimeshaanza kuteremka mashimoni siku ambazo krasha imeharibika, na mle ndani mtu hujikunja kiuno asigonge dari, hupeleka kichwa upande jiwe likidondoka, hurudi nyuma bila kugeuka. Nikapeleka hayo yote ulingoni. Ngumi ikija nilivuta shingo tu. Ikija ya tumbo nilijikunja kiunoni. Mikono niliiacha chini kwa sababu nikiiinua ilikuwa inataka kupiga yenyewe.

Si kwamba nilikuwa peke yangu mwenye vituko. Hapo kwetu hakuna aliyefundishwa ndondi kwa kitabu, kila mtu alikuja na mwili ambao kazi yake ilikuwa imemtengenezea. Kulikuwa na mchinjaji wa sokoni aliyepiga kutoka juu kwenda chini, jinsi alivyovunja mifupa ya ng'ombe, na refa alimwonya kila pambano bila faida. Kulikuwa na mbeba magunia ya mawe ambaye bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kabisa, akasimama amelala upande, wapinzani wakawa wanakitafuta kidevu chake wasikione. Na kulikuwa na mchungaji wa ng'ombe kutoka Kegonga, karibu na mpaka, aliyesimama miguu imekaribiana, ubavu mbele, mkono wa kushoto ameunyoosha mbali kana kwamba ameshika fimbo. Ule wa kulia hukuuona mpaka umekwisha kukufikia sikioni. Watu hao nilikuwa nikiwaonea wivu. Mitindo yao ilikuwa ya ajabu lakini ilikuwa yao. Wa kwangu ulitokana na kumwogopa mama.

Mapambano yangu ya kwanza yalikuwa mapema, jua likiwaka. Sikupiga hata ngumi moja. Nilishindwa yote, na nilizomewa yote. Mwanamke mmoja muuza chapati aliyeweka meko yake karibu na kamba alinipigia kelele, "Wewe baba, si umrudishie hata moja tu! Umebeba hizo mikono za nini?" Uwanja mzima ukacheka. Nilitamani ardhi ya Masara, yenye mashimo kila mahali, iniongezee la kwangu.

Kocha aliniita kwenye karakana yake Jumatatu. Nilimweleza yote. Alivua miwani ya kuchomelea akanitazama vizuri. Yeye alikuwa Mkatoliki, na mambo ya Sabato aliyajua kwa mbali.

"Kwa hivyo shida ni jua," akasema.

"Ndiyo, Kocha."

"Jua ikizama, unaweza kupiga mtu?"

"Naweza."

"Hata umwangushe?"

"Hata nimwangushe."

Akanipima kwa macho, kama anayepima geti la mtu. "Basi, omera, ndugu yangu, tutakuwa tunapigana wa mwisho. Utamchosha mpaka jua ishuke. Halafu umfunge."

Ikawa hivyo. Nikawekwa pambano la mwisho, la raundi sita. Raundi za kwanza nilikwepa, watu wakapiga miluzi na kuhesabu ngumi zilizopita hewani. Giza likianza kuingia nilinyanyua mikono. Mpinzani alikuwa amechoka kwa kupiga upepo, na mimi mikono yangu ilikuwa mipya kabisa. Nikaanza kushinda. Wale walionizomea wakaanza kunipungia mikono barabarani, na kocha akakuna kidevu chake sana miezi hiyo.

Mwanzoni nilingoja kweli. Naomba hilo liandikwe upande wangu. Nilingoja mpaka anga ya magharibi ikapoa kabisa.

Lakini magharibi ya ule ulingo kulikuwa na rundo la mawe na mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Kila siku watu walikuja na mikokoteni wakamwaga juu yake. Nilipofika Masara lilikuwa kimo cha nyumba. Baadaye likawa refu kupita miti. Jua likienda nyuma yake, kivuli kilianguka juu ya ulingo, ingawa anga bado ilikuwa nyeupe na mnara wa simu kule kilimani bado ulikuwa unang'aa. Siku moja mchinjaji alikuwa amenibana kwenye kona, anazishusha zile ngumi zake za shoka, nikaona kivuli kimefika miguuni pangu. Nikajiambia: haya, limezama. Nikampiga.

Tangu siku hiyo nilifuata rundo. Nilijua. Mtu aliyelelewa na mama yangu hawezi kusema hakujua jua lilipo. Lakini watu walikuwa wakipigwa na butwaa, kocha alikuwa na furaha, na rundo liliendelea kukua, hivyo kivuli kilikuja mapema zaidi kila mwezi. Sabato ya Masara ilikuwa ikifupishwa kwa mikokoteni, na mimi nilikuwa nikiwasalimia wenye mikokoteni kila asubuhi.

Habari zilifika Kisegi jinsi habari zinavyofika siku hizi, ndani ya simu ya mtu. Video ilikuwa ya raundi za kwanza tu. Ilinionyesha mimi ninapigwa, mikono chini, jua linaniwaka usoni. Nilidhani mama atanilaani. Badala yake dada yangu alinipigia simu akicheka kwa furaha.

"Leo umetolewa mfano kanisani," akasema. "Mama amesimama mbele ya watu. Amesema kijana wake ako huko kwa wachimbaji, wanampiga siku ya Bwana na hanyooshi mkono mpaka Sabato ifungwe. Vijana wameambiwa wakuige."

Masikio yalinichoma. Nilikuwa na nafasi ya kusema, laini ilikuwa safi, dada alikuwa ananisikiliza. Nikasema, "Asante. Nisalimie watu wa kanisa."

Haikupita muda mrefu mama akataka kuja kuona kwa macho yake. Alisafiri Ijumaa mapema akalala mjini Migori kwa mshiriki mwenzake, ili asilipe nauli siku ya Sabato. Kesho yake walikwenda kanisani, na baada ya ibada ya mchana yule mwenyeji wake akamleta Masara kwa gari lake. Nilimwona anashuka uwanjani amevaa sare yake ya kina mama wa Dorkasi wa kanisani, kitambaa cheupe kichwani, kapu la chakula mkononi. Watu walimpisha. Muuza chapati alimtolea kiti chake mwenyewe.

Nilipigana na yule wa Kegonga. Nilimkwepa vizuri sana jioni ile, labda kuliko siku zote, kwa kuwa nilikuwa najionyesha. Kila mara ule mkono wake wa kulia ulipopita kando ya shavu langu nilitupa jicho kwa mama. Alikuwa ameketi wima, kapu mapajani, midomo inatembea. Alikuwa akiniombea. Halafu katikati ya raundi ya tatu kivuli kikaanguka, watu wote wakapiga kelele kwa pamoja, kwa sababu walikuwa wamezoea, na mimi, hata bila kufikiri, nikainua mikono na kumpiga mtu wa Kegonga ngumi tatu za haraka.

Nilipotazama tena, kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Alikuwa amekwenda nyuma ya umati, na sasa alikuwa anapanda rundo. Alipanda kwa mikono na miguu, na sare yake ile, mawe yakiteleza chini yake. Mtu mmoja akamwona, kisha mwingine, kelele zikapungua. Alipofika juu alisimama. Sisi sote chini tulikuwa kivulini, na yeye jua lilikuwa limemwangukia tangu kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Akaweka kiganja juu ya macho. Hakunitazama mimi hata kidogo, alilitazama jua, akasimama palepale kama alivyokuwa akisimama nyuma ya jikoni.

Nikashusha mikono. Yule wa Kegonga naye alishusha yake akageuka kuangalia rundo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyo ni nani yako?"

"Mama."

"Sasa tunafanya aje?"

Refa akatuambia tupigane. Yule bwana aliguna, akanipiga, na sikukwepa. Ningeweza kukwepa, mwili ulikuwa unajua, lakini niliona kwamba zile zilikuwa halali yangu. Pua ilipasuka. Nilianguka, nikasimama, nikaanguka, na refa akahesabu hadi mwisho. Kule juu mama alikuwa bado ameangaziwa.

Alishuka baada ya jua kuzama kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya karakana ya kocha. Tulikuwa wawili tu. Alichovya kitambaa chake cheupe majini akanifuta damu, na nilipojaribu kukikataa aliusukuma mkono wangu.

"Huku kwenu jua linazama mara mbili?" akauliza.

Niliinama kufungua kamba za viatu.

"Nimeuliza, wuoda, mwanangu. Linazama mara mbili?"

"Ndiyo, Mama."

"Lile la kwanza ni la nani?"

"Langu."

Akakamua kitambaa. Maji yakawa mekundu kwenye mchanga. "Nilisimama mbele ya watu nikasema juu yako," akasema, bila hasira, na ningefurahi kama angekuwa na hasira. "Wakasimama wote wakasema amina. Hata mzee wa kanisa. Sasa nitaenda kuwaambia nini?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa na watoto wangu mwenyewe, na nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nalia puani na machoni. Aibu niliyoisikia siwezi kuilinganisha na ile ya kuzomewa. Kuzomewa kuliniuma mbele ya watu ambao sikuwa na kitu chao. Huyu nilikuwa na imani yake mikononi, na nilikuwa nimeichezea mwaka mzima kwa kivuli cha takataka.

"Sitawaambia kitu," mama akasema mwishowe, kama aliyekwisha kufanya kikao na nafsi yake. "Hiyo nitabeba. Lakini kuanzia leo tutafanya vizuri. Mimi ndiye nitakuambia. Jua likiingia ziwani nita-flash simu ya kocha wako. Nisipo-flash, usipige."

Nilidhani ataniambia niache ndondi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuniambia, na jibu ninalolipata halinipendezi: alikuwa ameniona nikikwepa, na alikuwa ameona uso wangu. Akafungua kapu, tukala nyoyo, mahindi na maharage aliyoyachemsha Ijumaa, yakiwa baridi. Mimi nilitafuna upande mmoja.

Watu wa Masara walilipokea jambo hilo kwa shangwe kubwa. Kocha alitundika simu yake kwenye nguzo ya kona yangu, ndani ya mfuko wa plastiki, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Nilikuwa nakwepa raundi baada ya raundi, mnara wa kilimani unang'aa kwa jua la mwisho, halafu ncha yake inazimika, na dakika si nyingi simu inalia mara moja na kukatika. Hapo uwanja ulilipuka. Watu walikuja kutoka mbali kusikiliza simu ya mama. Wengine walinitania barabarani, "Buda, leo mathe ana chaji?" Muuza chapati alikuwa akinyamazisha watu ili simu isikike. Nilicheka nao, na ndani niliinamisha kichwa, kwa sababu kwao ulikuwa mchezo, na kwa mama ulikuwa utaratibu wa kunirudisha kuwa mkweli. Kila Jumamosi alisimama kando ya ziwa na simu mkononi akinichungia neno langu, kwa kuwa nilikuwa nimethibitisha siwezi kulichunga mwenyewe.

Lakini nilishika. Rundo lilitupa kivuli chake mapema kadiri lilivyotaka, mimi nikangoja simu. Niliposhinda nilishinda kwa haki, na kwa mara ya kwanza nilianza kuuita ule mtindo wangu mtindo.

Kisha yule wa Kegonga akaomba turudiane. Alikuja amejifunza. Safari hii ule mkono wa kushoto hakuunyoosha tu, aliusogeza taratibu kichwa changu kilipotaka kwenda, na wa kulia ukanikuta pale. Katika raundi ya kwanza alinipasua nyusi. Katika ya pili jicho la kushoto likafumba. Kwa jicho moja mtu hapimi umbali, na bondia wa kukwepa asiyepima umbali ni begi la matambara. Nikawa napigwa kweli, kila ngumi. Nilisikia watu wakiacha kucheka. Muuza chapati alikuwa analia, "Muache! Refa, si usimamishe!" Kocha aliniuliza kwenye kona kama atupe taulo. Nikamwambia bado. Pale karibu na nguzo kijana wa duka la simu alikuwa ameinua simu yake anaturusha moja kwa moja mtandaoni, kwa mara ya kwanza. Nilimwona, sikumtilia maanani.

Raundi ya tatu nilikwenda chini kwa goti. Nikasimama. Yule wa Kegonga alinitazama kama anayeniomba nibaki chini, na alipokuja tena alikuja polepole.

Hapo simu ikalia.

Ikalia mara moja, ikakatika. Uwanja ulipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Kocha aligonga ubao wa ulingo kwa viganja vyote viwili, anapayuka, "Sasa! Sasa!"

Mimi niligeuza lile jicho langu moja kwenda kilimani. Mnara ulikuwa unang'aa. Si ncha yake tu, nusu nzima ya mnara ilikuwa ya dhahabu. Kisegi na Masara si mbali kiasi hicho. Jua ambalo lilikuwa linawaka pale juu lilikuwa linawaka na ziwani, mbele ya macho ya mama yangu, yule ambaye kadi ya kanisa haikuwa na macho ya kumtosha.

Sijui nilisimama muda gani. Nilielewa kila kitu kwa pamoja, na kila nilichokielewa kilikuwa kibaya. Kama singepiga, ningekuwa nimemwambia mbele ya uwanja ule wote, na mbele ya wote waliokuwa wakitazama, kwamba amedanganya. Nikipiga, ninapiga siku ya Bwana, safari hii kwa ruhusa yake. Hakukuwa na kukwepa hapo. Nikainua mikono.

Nilimpiga yule bwana kwa nguvu ambayo haikuwa yake kuipokea. Hakutegemea, alikuwa amenilegezea. Alianguka na hakuinuka mpaka hesabu ikaisha, na nilipomshika mkono kumwinua aliniambia, "Mama yako amekuokoa." Nikamwomba radhi. Akadhani ni kwa ajili ya ngumi.

Nilibebwa mabegani. Nilizungushwa uwanja mzima nikitazama ule mnara ukizimika kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu, huku wanaonibeba wakiimba.

Usiku ulipoingia nilimpigia mama. Alipokea dada. Akanong'ona haraka kabla sijasalimia, "Tulikuwa tunakuona kwa simu yangu. Mama aliishika kwa mikono miwili. Ulipopiga goti alitoka nje, na alikuwa hajakaa huko hata kidogo..." Nikasikia simu inabadilisha mikono.

"Wuoda," mama akasema. "Jicho liko aje?"

"Linafunguka, Mama. Litapona."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nilimsikia anapumua. Yule mwanamke aliwahi kutuzuia watoto sita kugusa mpira kwa sababu ya ukucha wa jua uliobaki juu ya maji. Alinilea hivyo, akanishuhudia kanisani, akapanda rundo la mawe kwa mikono na miguu kuniweka sawa, na mimi nilikuwa nimemfanyia nini? Nilikuwa nimemfikisha mahali pa kuchagua kati ya jua na uso wangu. Nilitaka kumwambia kwamba naacha, kwamba Jumamosi ijayo nitakuwa kando yake nyuma ya jikoni, na kweli nimeacha, sijapanda ulingo tangu siku hiyo. Lakini maneno hayo hayakutoka kwanza. Lililotoka lilikuwa swali, na nililijutia kabla halijaisha.

"Mama, leo jua lilizama vizuri huko?"

Nikamsikia anafunga mlango, asisikiwe na dada.

"Lilizama," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeulizwa na mkubwa. "Na huko kwenu, wuoda? Hata huko lilikuwa limezama?"

"Hata huku, Mama," nikasema. "Lilikuwa limezama kabisa."